Kinachokwisha Kwanza

Hesabu ya joto la mmenyuko ina hatua nne. Unaandika mlinganyo na kuusawazisha. Unageuza gramu kuwa moli. Unatafuta ni kipi kati ya vitu vinavyokutana kitakachokwisha kabla ya mwenzake. Kisha unachukua moli za hicho kilichotangulia kwisha, unazidisha kwa kilojuli zake zilizoandikwa kwenye jedwali, na jibu umelipata. Mimi ni mwalimu wa kemia mkoani Geita, mzaliwa wa Shinyanga vijijini, na wanafunzi wangu wengi wana baba, kaka au mjomba aliyeko duarani, yaani kwenye shimo la dhahabu, saa hizi tukiwa darasani. Katika mada zote za kidato cha tano sijaona nyingine inayoyagusa maisha ya ukanda huu wa dhahabu kama hii. Hatua ninayotaka kuizungumzia ni ya tatu, kwa sababu ndiyo inayorukwa, shuleni na nje ya shule.

Wanafunzi hukimbilia kile kilichotajwa kwa wingi. Swali likisema kuna kilo moja ya mkaa, wanaushika huo mkaa, wanazidisha, wanapata namba kubwa na kuipigia mistari miwili chini. Kumbe swali lilitaja na hewa. Huwa nawaambia hivi: fundi baiskeli wa Kahama mwenye fremu 10 na magurudumu 14 atauza baiskeli 7, na fremu 3 zitabaki zimeegemea ukuta hata akizipaka rangi namna gani. Wakishacheka tunaingia kwenye mkaa wenyewe.

Tuseme kilo moja ya mkaa ina gramu 800 za kaboni. Zinazobaki ni majivu, unyevu na mabaki ya kuni ambayo hayakuungua vizuri tanurini. Gramu 800 ukigawa kwa 12 ni moli 66.7 hivi. Kaboni ikipata oksijeni ya kutosha inakuwa kaboni dayoksaidi, na kila moli inatoa kilojuli 393.5. Zidisha, utapata kilojuli 26,000 na ushei. Sasa teleka lita 5 za maji. Huku kwetu tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, kwa hiyo kuyatoa nyuzi 25 hadi yachemke kunahitaji kilojuli 1,500 tu. Hizo ni gramu 57 za mkaa, vipande viwili vitatu vya kujaa kiganja. Mtoto aliyekulia kwenye nyumba ya mkaa anajua hakuna aliyewahi kuchemsha lita 5 kwa vipande hivyo, na hapo ndipo darasa linapochangamka: joto lingine limekwenda wapi? Limekwenda kwenye bati la jiko, kwenye upepo, kwenye ukuta, usoni mwa mpishi. Jiko la bati la kawaida hukamata sehemu moja ya tano ya joto lake, na mara nyingi haifiki hapo.

Hiyo ni pale hewa inapotosha. Isipotosha, kaboni ile ile inakuwa kaboni monoksaidi, na kila moli inatoa kilojuli 110.5 peke yake. Mkaa haujapungua hata chembe, ni kilo moja vile vile, lakini joto limeshuka kutoka kilojuli 26,000 hadi kama 7,400. Karibu robo tatu ya joto imeondoka ikiwa bado imefungwa ndani ya ile gesi, kilojuli 283 kwa kila moli, na gesi yenyewe ni sumu.

Mayu, yaani mama yangu, alikuwa na sharti moja la jikoni ambalo hakuna aliyeruhusiwa kulivunja. Jiko linawashwa nje, linapepewa nje, na haliingii ndani mpaka mwali wa bluu unaocheza juu ya mkaa umekwisha na makaa yamekuwa mekundu yenye utando wa kijivu. Kabla ya hapo alisema mkaa haujaiva. Nilipofika chuo nikaelewa mwali ule ni nini. Chini, katikati ya rundo la mkaa, hewa haitoshi na kaboni monoksaidi inazaliwa. Ikipanda juu inakutana na oksijeni, inaungua na kutoa zile kilojuli 283 zilizokuwa zimefungwa, na rangi yake ni bluu. Mayu alikuwa akiyasoma makaa kwa macho, na alisoma sawasawa. Ninachoongeza mimi ni kwamba hata mkaa ulioiva unaendelea kutoa gesi hiyo ukinyimwa hewa. Kilo moja ya mkaa kwa mwinuko wa kwetu inataka oksijeni iliyomo kwenye mita za ujazo 9 hivi za hewa. Chumba cha kulala cha mita tatu kwa tatu, chenye kimo cha mita mbili na nusu, kina mita za ujazo 22 na nusu. Mtu akiangalia namba hizo anaona hewa ipo tele. Lakini hewa haingoji iishe yote ndipo mambo yaharibike; mkaa unaanza kutoa sumu mapema, gesi haina harufu wala rangi, na damu ya binadamu huishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni. Usiku wa baridi wa Juni au wa mvua kubwa, familia inaingiza jiko ndani, inafunga dirisha, inalala. Walichokuwa nacho kwa wingi ni mkaa, na mkaa ndio waliouhesabu.

Nakaa na jambo hili kwa sababu naliona likijirudia huku kila siku kwa sura nyingine. Kijana anakwenda machimboni na hesabu ya nguvu zake. Nguvu anazo, na Mungu akimjalia anazo za miaka ishirini. Duara linataka nguvu, lakini kabla ya nguvu linataka hewa, matimba ya kuzuia kuta, na mtu wa juu anayejua nani yuko chini. Ukiwasha pampu ya petroli ndani ya shimo ili utoe maji, umewasha mmenyuko mwingine unaogombania hewa ile ile na kuichafua kwa gesi ile ile ya jikoni. Nguvu za vijana waliomo humo zinabaki nzima, kama ule mkaa, na hazisaidii kitu.

Mwanzoni mwa Oktoba 2015 mgodi mdogo wa Nyangalata, wilayani Kahama, ulititia na kufukia wachimbaji. Katikati ya Novemba, baada ya siku 41, watano walitolewa hai. Mwenzao mmoja alikuwa amefia humo ndani. Walisimulia walivyoishi kwa mizizi, mende, vyura na maji machafu yaliyokuwa yakipenya kwenye udongo. Nchi nzima iliongea juu ya mende na vyura, na mimi pia niliongea, ila usiku nilichukua karatasi nikaanza kuhesabu, maana sikuweza kuliacha jambo lile lipite hivi hivi.

Mwili wa binadamu nao ni mmenyuko unaotoa joto. Moli moja ya glukosi, gramu 180, hukutana na moli 6 za oksijeni na kutoa karibu kilojuli 2,800. Mtu mzima akilala tu, bila kuinua jiwe, anatumia kama kilojuli 6,500 kwa siku ili moyo upige, mapafu yavute na damu isipoe. Kwa kipimo cha glukosi hizo ni gramu 400 na kitu kila siku. Mizizi na mende haviwezi kufika hapo, wala kukaribia. Kwa hiyo kilichokuwa kikiungua ndani ya wanaume wale kilikuwa miili yao. Mafuta ya mwili hutoa kilojuli 38 hivi kwa gramu, basi ni gramu 170 kwa siku, na kwa siku 41 ni kilo 7 kwa kila mmoja. Najua mwili wenye njaa hupunguza mwendo na hula hata misuli, hivyo hesabu hii ni ya kukadiria. Lakini inatosha kuonyesha kwamba chakula hakikuwa ndicho kilichokwisha kwanza. Mwanamume wa kawaida hubeba akiba hiyo ya kilo 7 bila kujijua.

Oksijeni haina akiba. Kilojuli 6,500 zinataka moli 14 hivi za oksijeni kwa mtu kwa siku. Watu 5, siku 41: moli karibu 2,900. Ukigeuza kuwa hewa ya mwinuko wetu, ni karibu mita za ujazo 400, yaani hewa yote ya vyumba vitatu vikubwa vya madarasa ikamuliwe oksijeni mpaka tone la mwisho. Na ingekuwa imefungwa, hewa waliyokuwa wakiitoa wenyewe puani ingewamaliza mapema sana kabla ya tone hilo. Hakuna tundu la duara lililotitia lenye nafasi kama hiyo. Maana yake hewa ilikuwa ikiingia. Pahali fulani kati ya mawe na matimba yaliyovunjika palikuwa na upenyo ambao hakuna aliyeuchimba kwa kusudi, na upenyo huo uliwalisha kila dakika ya siku 41 bila yeyote kuutaja kwenye habari.

Tangu usiku ule nimekuwa nikitafuta upenyo wa namna hiyo katika maisha ya watu ninaowafahamu. Familia inasema inaishi kwa mshahara wa baba, na ni kweli mshahara ndio unaoonekana, lakini ukikaa nao utaona kuna bibi anayebaki na watoto alfajiri ili mama aende gulioni Katoro. Bibi akiugua wiki moja, mshahara upo, lakini nyumba inakwama. Siku hizi nikimwuliza mtu hali yake sianzii kwenye kipato. Nauliza ni nani anayekaa na watoto.

Mwanafunzi wangu wa zamani alinifuata nyumbani baada ya kumaliza kidato cha sita, matokeo yakiwa hayajatoka.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Karibu."

Alitaka kuingia machimboni Nyarugusu na wenzake. Chakula kingetolewa na mwenye duara, na wao wangelipwa kwa mgao wa mifuko ya mawe. Alikuwa amefikiria mengi: nguvu, marafiki wanaoaminiana, tochi, simu ya akiba. Nikamwuliza nini kitakwisha kwanza. Akasema pesa. Nikamwambia, kabla ya pesa? Akatulia kidogo akasema matimba, maana mwenye duara ameambiwa miti imepanda bei na anataka wachimbe kwanza, matimba yatafuata mawe yakishapatikana. Nikamwambia basi jibu la swali lako unalo mwenyewe, na ulikuwa nalo kabla hujaingia hapa. Hakwenda kwa yule mtu. Alikwenda kwa mwingine, ambaye matimba yalikuwa yameshushwa tayari na kupangwa kando ya shimo. Ningependa asingekwenda kabisa, nasema wazi. Lakini kati ya kwenda na kwenda kuna tofauti kubwa, na kijana wa miaka ishirini asiye na ada ya chuo hana muda wa kusikiliza mwalimu anayemwambia akae nyumbani.

Kuna jaribio dogo ninalolifanya maabara ambalo linafundisha upande mwingine wa hesabu hii. Kwenye mitambo ya kuchenjulia marudio, yaani mchanga uliokwisha kutolewa dhahabu mara ya kwanza, kwa sayanaidi, chokaa ni lazima iwepo, maana bila chokaa sayanaidi hugeuka gesi ya kuua. Chokaa hai, ile iliyotoka tanurini na haijaonja maji, ikikutana na maji hutoa kilojuli 65 hivi kwa moli. Tunachukua gramu 5.6, sehemu moja ya kumi ya moli, tunaitia kwenye gramu 100 za maji ndani ya kikombe cha plastiki. Kwa karatasi joto linapaswa kupanda nyuzi 15 na nusu. Kipimajoto kinaonyesha 12, pengine 13, na wanafunzi wanajifunza kutaja zilikopotelea zile nyingine: kikombe, kijiti cha kukorogea, hewa, na chokaa iliyokaa sana kwenye mfuko ikafyonza unyevu.

Kisha nawaambia wahesabu mfuko mzima wa kilo 25. Unatoa kilojuli 29,000, zaidi ya kilo ya mkaa tuliyoanza nayo, na wala hauwashwi kwa kiberiti. Ukiutia taratibu kwenye pipa la lita 200, maji yanapanda nyuzi 35 hivi. Yanakuwa ya moto wa kuogopesha mkono, basi. Ukimwagia mfuko ule ule ndoo moja ya maji, maji yanachemka papo hapo, yanaruka na chokaa ndani yake, na kuna watu wamepoteza macho kwa namna hiyo. Kilojuli hazijaongezeka. Kilichopungua ni maji ya kulipokea lile joto.

Kambi za machimbo zina watu wengi na ndugu wachache. Nikilinganisha msiba wa kijijini kwetu na msiba wa kambini, naona pipa na naona ndoo. Kule Shinyanga mtu akifiwa, kabla ya jioni wanawake wameleta kuni na maji, wazee wameketi, vijana wameshika majembe, na majonzi yanagawanywa mpaka kila mmoja anabeba nyuzi chache. Kambini mtu anafiwa na mwenzake wa duara asubuhi, jioni yuko peke yake kwenye turubai, na kesho yake anapigana na mtu kwa ajili ya deni la shilingi elfu mbili. Tunasema vijana wa machimboni wana hasira. Mimi naona ni binadamu kama wa popote, wana uchungu wa kawaida wa binadamu, ila hawana ndugu wa kuupokea. Mchungaji au shehe anayekwenda kukaa nao, mama lishe anayemjua kila mmoja kwa jina, wanafanya kazi ambayo hakuna anayewalipa na ambayo naiheshimu kuliko ninavyoweza kueleza.

Zebaki inanipa shida zaidi, kwa sababu hapo namba zinaweza kumdanganya hata anayejua kuhesabu. Mchimbaji hukanda zebaki na unga wa mawe yaliyosagwa, zebaki inashika dhahabu, linapatikana donge, na donge linachomwa ili zebaki iondoke na dhahabu ibaki. Tuseme donge lina gramu 10 za zebaki. Kuipasha hadi nyuzi 357 inapochemka, na kuigeuza yote kuwa mvuke, kunahitaji kilojuli 3.4 hivi. Hiyo ni moja ya kumi ya gramu ya kaboni. Punje ya mkaa! Ukiangalia joto peke yake utasema ni jambo dogo kabisa, na watu wanalifanya hivyo kama jambo dogo, kwenye jiko la kupikia, mtoto akiwa mgongoni. Lakini jedwali la kilojuli halina safu ya madhara. Mvuke ule ukivutwa puani, kiasi cha asilimia 80 kinabaki mwilini, kinakwenda kwenye figo na kwenye ubongo, na mkono unaotetemeka baada ya miaka kumi haukumbuki ulichoma donge lipi.

Zipo ritoti. Ni chombo cha chuma kilichofungwa, chenye bomba linalopita kwenye maji. Mvuke ukipoa unarudisha joto lile lile uliloazima na kuwa zebaki tena, inadondoka kwenye kikombe, na unaweza kuitumia kesho. Fundi wa kuchomelea anaweza kuitengeneza. Nimeuliza kwa nini haitumiki, na jibu ninalopewa mara nyingi ni kwamba inachelewesha, mnunuzi amesimama, na mwenye donge anataka aione dhahabu yake kwa macho ikigeuka njano. Kwa hiyo kinachokosekana pale ni dakika chache na uaminifu kidogo kati ya watu wawili. Dhahabu ipo, zebaki ipo, moto upo. Nakasirika kila nikifika hapa, kwa sababu dakika na uaminifu havichimbwi ardhini wala haviagizwi ng'ambo.

Na tukirudi kwenye mkaa, joto lake lenyewe halikuanzia jikoni. Zile kilojuli 2,800 ambazo moli ya glukosi huzitoa mwilini, mti ulizikusanya kwanza kutoka kwenye jua, namba ile ile, alama imegeuzwa. Jua la Shinyanga lilikwenda kwenye jani la mgunga, likafungwa ndani ya kuni, kuni zikaingia tanuri la udongo. Kilo 10 za kuni zilizokaushwa na hewa zina kama kilojuli 160,000. Tanuri la kienyeji hutoa kilo moja na nusu ya mkaa, fundi mzuri atafikisha mbili, zenye kilojuli kati ya 39,000 na 52,000 hivi kwa hesabu ya mkaa wetu wa mwanzo. Zaidi ya nusu ya jua lile imeishia porini kabla gunia halijapakiwa kwenye baiskeli. Kinachofika jikoni kinapoteza tena sehemu nne kati ya tano. Anayefuata hesabu hiyo tangu jani hadi sufuria anakaribia kuona aibu kula ugali.

Nchi niliyozaliwa inajua mwisho wa hesabu isiyofuatwa. Wakati wa Waingereza vichaka vya Usukuma vilifyekwa kwa maeneo makubwa ili kuwaondoa mbung'o, na Shinyanga ilikuwa makao ya utafiti wa mbung'o chini ya mtafiti Swynnerton. Ukaja upanuzi wa mashamba ya pamba, mifugo ikaongezeka, kuni zikaendelea kukatwa. Kufikia miaka ya 1980 watu walikuwa wakiiita Shinyanga jangwa. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, na jambo la busara kuliko yote lililofanywa na wataalamu wake lilikuwa kuwasikiliza wazee na kurudi kwenye ngitili. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudishiwa miti na nyasi kwa njia hiyo, na mwaka 2002 mradi ulitambuliwa katika tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Msomaji asiyetoka kwetu nimweleze ngitili inavyofanya kazi. Mvua zikianza, wakati nyasi zinachipua kila mahali na hakuna ng'ombe mwenye njaa, mwenye eneo analifunga sehemu. Hakuna kuchunga humo. Nyasi zinafika kiunoni, jirani anaziona, ndama wake wanaziona, na bado hakuna anayeingia. Julai au Agosti, mbuga zikishakuwa vumbi, ngitili inafunguliwa, na wanaotangulia kuingia ni ndama, wagonjwa na maksai wa kulimia. Jua la Shinyanga halijawahi kupungukiwa. Ardhi ipo. Kinachokwisha kwanza ni mvua, na baada ya mvua ni nyasi za Septemba, na wazee walipanga mwaka mzima kuanzia hapo. Waliihesabu Septemba mwezi wa Desemba, wakiwa wamesimama kwenye majani mabichi. Nikifundisha hatua ya tatu ya hesabu yangu huwa namkumbuka guku, babu yangu mzaa baba, ambaye kwa jambo hili alikuwa mwalimu kuliko mimi.

Siku hizi ngitili za Kahama na vichaka vya Geita vinavutwa na watu wawili kwa wakati mmoja, mchoma mkaa na mwenye duara, na wote wana sababu za kweli. Duara linachimbwa kwa wiki chache. Mti wa kufaa kuwa timba unataka miaka, na mitundu na mininga ya porini inataka miaka mingi kuliko uvumilivu wa rashi yoyote ya dhahabu. Nimeongea na wenye maduara ninaowafahamu juu ya kutenga eneo na kupanda matimba yao wenyewe, kama wazee walivyotenga nyasi. Wengine wamenisikiliza kwa heshima tu. Mmoja amepanda mijohoro na mikaratusi kwenye shamba la pamba lililochoka, nyuma ya mlima wenye duara lake, na amemwajiri kijana wa kuzuia mbuzi. Duara hilo litakuwa limekwisha na kufukiwa kabla mti hata mmoja haujafaa kukatwa, na yeye analijua hilo.